LORI LISILO NA KIPIMA-MWENDO LISIBEBE WATU



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, viatu, vumbi, maji safi na chandarua. Leo nataka kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi watasema si kazi ya munganga: ile sindano ndogo iliyo mbele ya dereva, inayoonyesha gari linakwenda mbio kiasi gani. Vitabu huiita kipima-mwendo. Garajini tunaiita konteri. Mimi nasema ni chombo cha afya, sawasawa na kofia na chandarua. Na nasema wazi kwamba lori ambalo konteri yake imekufa lisipakie watu, hata mtu mmoja, mpaka litengenezwe.

Najua maneno haya hayatawapendeza wote. Malori mengi yanayotupandisha na kututeremsha ni ya zamani. Yapo ambayo sindano imelala kwenye sifuri kwa miaka, na hakuna anayeshangaa tena. Ukiuliza utajibiwa, "Ile ilikufa zamani, lakini gari ni zima." Hapo ndipo ninapokataa. Gari lenye konteri mfu si zima. Ni kama mgonjwa aliyezoea ugonjwa wake: anatembea, anacheka, anakula, lakini ugonjwa uko ndani.

AJALI INA KINGA

Kuna methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Tunaisema msibani ili kuwafariji wafiwa, na hapo ni maneno ya huruma. Lakini methali hiyo ikiingia garajini inakuwa kisingizio. Ajali za barabarani zina kinga nyingi, na kinga ya kwanza ni mwendo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na 190,000 walikufa barabarani duniani kote. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua. Shirika hilo linafundisha pia kwamba mwendo wa magari ukiongezeka kwa sehemu 1 tu katika 100, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa karibu sehemu 4 katika 100. Maana yake, kosa dogo la mwendo huzaa balaa kubwa. Na mtu asiyejua mwendo wake atajuaje kwamba amekosa?

Sisi watu wa Kivu ya Kusini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, katika barabara ya Bukavu na Uvira, lori lenye tangi la mafuta lilipinduka. Habari za siku zile zilisema lilikuwa likijaribu kulipita basi. Watu walikusanyika, wengine wakachota mafuta yaliyomwagika, kisha moto ukalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, miongoni mwao wanawake na watoto. Siukumbushi msiba huu ili kulaumu chombo kimoja au mtu mmoja. Naukumbusha ili tuone kwamba lori likipinduka, msiba haubaki kwa dereva. Unaingia katika nyumba za watu ambao hata hawakuwa safarini. Na tujifunze tena: tangi la mafuta likipinduka, kimbia mbali, uwachukue na watoto. Mafuta ya bure yaliyomwagika barabarani hayana bei ambayo mtu aweza kuilipa.

MWILI HAUPENDI HESABU YA MBIO

Nieleze kidogo mambo ya mwili, kwa kuwa hayo ndiyo kazi yangu.

Gari linapogonga kitu, migongano ni mitatu, si mmoja. Wa kwanza ni wa gari na kile lilichogonga. Wa pili ni wa mtu na gari lenyewe: kifua kinagonga usukani, kichwa kinagonga kioo, au aliyekaa juu ya mizigo anarushwa chini. Wa tatu hauonekani kwa macho. Ni wa viungo vya ndani. Mwili umekwisha kusimama, lakini ini, wengu, ubongo na mishipa mikubwa bado vinakwenda kwa mbio ile ile, vinagonga mifupa na kuchanika. Ndiyo sababu mtu anaweza kushuka kwenye ajali kwa miguu yake, akasema, "Sina kitu," na usiku akafa kwa damu iliyomwagika tumboni. Kwa hiyo aliyepata ajali ya gari aletwe kupimwa hata kama anasema mzima.

Nguvu ya mgongano haiongezeki kama watu wanavyofikiri. Mbio zikizidi mara mbili, nguvu haizidi mara mbili. Inazidi mara nne. Kutoka kilometa 40 kwa saa mpaka 60, watu husema, "Ameongeza kidogo." Lakini nguvu imekwisha kupita mara mbili.

Au tupime kwa namna nyingine. Kugonga ukuta kwa kilometa 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka urefu wa mita 3 na nusu, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kwa kilometa 40 ni kama kuanguka mita 6. Kwa kilometa 60 ni mita 14, kama mtu aliyejitupa kutoka ghorofa ya nne. Hakuna mzazi anayemruhusu mtoto wake aruke kutoka ghorofa ya nne. Lakini tunampandisha mtoto huyo huyo juu ya lori ambalo hata dereva wake hajui kama linakwenda 40 au 60.

Angalieni pia jambo la kusimama. Dereva akiona mtoto anavuka njia, inampita karibu sekunde nzima kabla mguu wake haujafika kwenye freni. Katika sekunde hiyo, lori linalokwenda 40 limekwisha kupita mita 11. Linalokwenda 60 limepita mita 17. Freni bado hazijaguswa. Hapa Cimpunda, na katika Kadutu nzima, tunafahamu jinsi tunavyoishi: nyumba zimebanana juu ya mlima, njia ni nyembamba na za mteremko, mlango wa nyumba na barabara ni kama chumba kimoja. Mtoto aliyetumwa maji yuko barabarani. Mama anayeuza ndizi na mihogo yuko barabarani. Mita 6 zile za tofauti ndizo uhai wao.

"MIMI NASIKIA KWA MASIKIO"

Madereva wazee watanijibu: "Munganga, sisi tumeendesha tangu ujana wetu. Hatuhitaji sindano. Tunasikia mashini kwa masikio." Nawaheshimu baba zetu hawa, na ni kweli dereva mzoefu anajua mengi kwa masikio: anasikia injini inayochoka, anasikia chuma kinachogonga. Lakini juu ya mbio, masikio na macho hudanganya, nami nitatoa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: mwili huzoea. Dereva aliyetembea muda mrefu kwa mwendo mkubwa, akipunguza hudhani amepunguza sana kuliko alivyopunguza kweli. Anafika kwenye nyumba za watu akidhani anakwenda taratibu, kumbe bado anakimbia. Na yule aliyekwama saa nyingi kwenye matope, akifika kwenye kipande kizuri cha barabara, anataka kulipiza saa zilizopotea. Wengine husema, "Barabara zetu ni mbovu, nani atakimbia?" Lakini si kwenye shimo gari linapokimbia. Linakimbia pale shimo linapokwisha.

Sababu ya pili: masikio yetu si mazima. Wataalamu wa afya ya kazi wameweka mpaka wa kelele wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Mashini za kutoboa miamba na za kusaga mawe hupita mpaka huo kwa mbali, na ndani ya malori ya zamani nako kelele si ndogo. Uziwi wa kelele huja polepole, bila maumivu, na haurudi nyuma. Huanza kwa sauti nyembamba: mluzi wa upepo dirishani, kilio cha mipira kwenye kona, sauti ya juu ya meno ya vitesi. Hizo ndizo sauti zinazomwambia dereva kwamba mbio zimezidi. Mtu anasema, "Nasikia vizuri," kwa sababu bado anasikia mngurumo mzito. Lakini sauti ya onyo imekwisha kumtoka.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniogopesha zaidi. Tunajua tabia ya madereva wengine kwenye miteremko: wanatoa vitesi, wanaliachia lori lijiendee lenyewe ili kupunguza mafuta. Katika barabara ya Uvira, yule anayeshuka Ngomo anajua mteremko ni kitu gani. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Barabara inayotoka ziwa moja kwenda jingine lazima ishuke tofauti hiyo yote. Sasa, lori likiachiwa bila vitesi, injini inanyamaza, inanguruma kwa upole kama gari lililosimama. Dereva anayetegemea masikio anasikia upole, na chini yake tani nyingi zinazidi kukimbia. Freni peke yake zinabeba uzito wote, zinapata moto, mwisho zinakataa. Kuachia lori namna hiyo ni kosa kubwa hata kama konteri ni nzima. Lakini konteri ikiwa nzima, sindano inaendelea kusema kweli, kwa kuwa inaendeshwa na upande wa kutokea wa sanduku la vitesi, unaozunguka pamoja na magurudumu hata vitesi vikitolewa. Ikiwa mfu, dereva amejifunga masikio na macho pamoja.

FUNDI NA AFANYE KAMA MUNGANGA

Sindano iliyolala si ugonjwa. Ni dalili, kama homa. Munganga mzuri hampi kila mwenye homa dawa ile ile, na fundi mzuri hanunui konteri mpya kabla ya kuuliza ugonjwa uko wapi. Nimekaa na mafundi wetu, nimeona wanavyofanya, nami nayaandika hapa ili kila dereva na kila mkubwa wa kazi ajue kwamba jambo hili si gumu kama linavyosemwa.

Katika malori ya zamani, konteri inakwenda kwa kebo. Mjerumani Otto Schulze alipata hati ya uvumbuzi huo mjini Berlin mwaka 1902, na njia yake ndiyo iliyotumika katika magari mengi kwa muda wa miaka karibu 100. Meno madogo ndani ya sanduku la vitesi huzungusha kebo nyembamba iliyo ndani ya mfuniko wake. Kebo hupanda mpaka kwenye tablo mbele ya dereva na kuzungusha sumaku. Sumaku ikizunguka huvuta kikombe chepesi cha aluminiumu bila kukigusa, na kikombe hicho husukuma sindano, ikishindana na springi ndogo. Meno mengine huzungusha tarakimu za kilometa.

Basi, fundi aanze kwa kuangalia mambo haya:

Kama sindano imelala lakini tarakimu za kilometa zinaendelea kuhesabu, kebo ni nzima. Ugonjwa uko ndani ya konteri yenyewe.

Kama sindano imelala na kilometa nazo zimesimama, ugonjwa mara nyingi uko katika kebo au katika meno ya chini.

Kama sindano inacheza, inaruka juu na chini, kebo ina kiu ya grisi, au imepinda, au mfuniko wake umekunjwa mahali.

Kama sindano inakwenda vizuri lakini haisemi kweli, tazama mipira ya magurudumu na meno yaliyowekwa.

Kujua zaidi, kebo ifunguliwe nyuma ya tablo. Dereva asogeze lori polepole mita chache uwanjani, na mtu wa pili aliye ndani ya kabini aangalie ncha ya kebo. Ikizunguka, kebo na meno ni vizima. Isipozunguka, kebo itolewe. Huenda imekatika, au ncha yake ya pembe nne imelika mpaka ikawa mviringo. Kama kebo haina kosa, basi ni meno ya chini, ambayo katika magari mengine ni ya plastiki na huchakaa. Asiwepo mtu yeyote chini ya lori wakati linasogezwa. Mawe yawekwe kwenye magurudumu kabla ya mtu kuingia chini.

Kebo ambayo haijakatika ioshwe, ikaushwe, kisha ilazwe juu ya meza iliyo sawa na kuviringishwa kwa mkono. Ikirukaruka, imepinda, na haitapona. Ikiviringika vizuri, ipakwe grisi kidogo, lakini sehemu ya juu inayoingia kwenye konteri iachwe kavu. Grisi nyingi hupanda pamoja na mzunguko, ikaingia ndani na kushika kikombe, na hapo umeua konteri kwa dawa. Kebo mpya iwe na urefu ule ule wa ya zamani, na mfuniko wake upitishwe bila kona kali. Kama kebo mpya nayo inakatika baada ya muda mfupi, kosa si la kebo: konteri imeganda ndani, inamvunja shingo kila anayekuja kuisukuma.

Malori yaliyofuata, kama Fuso nyingi za siku hizi, hayana kebo. Kifaa kidogo kwenye sanduku la vitesi huhesabu mizunguko na kupeleka habari kwa umeme. Hapo fundi aanze na vitu vyepesi: fuzi, kichomeo kilichojaa matope, waya uliokatwa na jiwe au kutafunwa na panya, waya wa umeme unaofungwa kwenye chuma cha gari. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni kitambaa kikavu na uangalifu.

KONTERI INAYODANGANYA

Konteri mfu inajulikana. Ile inayodanganya ni mbaya zaidi, kwa sababu inaaminiwa. Mtu akiweka mipira mikubwa kuliko ya kwanza, kila mzunguko wa gurudumu unapita njia ndefu zaidi, na konteri haijui. Gurudumu likizidi kimo kwa sehemu 5 katika 100, sindano itasema 60 na lori litakwenda 63. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Uingereza linaweza kuhesabu kwa maili: 40 yake ni kilometa 64 zetu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa juu ya konteri inasema kwamba kamwe isionyeshe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Ikizidisha kidogo, hakuna msiba. Ikipunguza, ni mwongo anayeua.

Kupima ni rahisi. Mahali palipo salama, pasipo watu wengi, dereva ashike mwendo mmoja kwa kilometa moja iliyopimwa, na msaidizi wake ahesabu sekunde kwa saa. Gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 90 ni 40. Sekunde 120 ni 30. Siku hizi hata simu yenye kupokea satelaiti huonyesha mwendo, na kwa kazi hiyo si lazima iwe na mtandao. Lakini simu ishikwe na msaidizi, si dereva, na ihesabiwe kuwa fimbo ya njiani tu, wakati kebo inasubiriwa. Fimbo si mguu.

LAWAMA SI YA DEREVA PEKE YAKE

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hulisema chini kwa chini. Ajali ikitokea, neno la kwanza ni, "Dereva alikimbia." Labda ndiyo, alikimbia. Lakini tumwulize pia aliyempa lori lisilo na konteri. Tumwulize aliyehesabu safari zake kwa siku na kumsifu aliyefanya nyingi. Tumwulize aliyepokea karatasi ya garaji iliyoandikwa "konteri haitembei" akaiweka chini ya nyingine. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kupita mwendo ambao hakupewa chombo cha kuupima.

Na dereva naye ana lake. Wako wanaofungua kebo kwa makusudi ili kilometa zisihesabiwe, kusudi safari ya pembeni isijulikane wala mafuta yasiulizwe. Ndugu, unayemficha si mkubwa wako tu. Unaficha pia saa ya kubadilisha mafuta ya injini, ya kukagua freni, ya kubadilisha mipira, maana yote hayo huhesabiwa kwa kilometa. Kilometa zikisimama, lori linazeeka bila umri. Siku freni zitakapokataa, utakuwa wewe uliye ndani.

Watasema vipuri ni ghali na vinatoka mbali. Ni kweli, njia za kwetu zinajulikana. Lakini kebo ni miongoni mwa vipuri vidogo vya lori, na mara nyingi hata hainunuliwi: inaoshwa tu na kutiwa grisi. Na kama kipuri hakijafika, lori libebe mawe na mbao, kwa mwendo mdogo, likiwa na mtu anayepima kwa simu. Lisibebe watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa hapa hujengwa kwa miili.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na naomba yajadiliwe katika mikutano ya usalama.

Moja: katika karatasi ya ukaguzi wa asubuhi, karibu na freni, taa na mipira, paandikwe konteri. Dereva asogeze lori uwanjani, aone sindano inaamka, ndipo atie sahihi.

Mbili: dereva anayekataa kupakia watu kwa sababu konteri imekufa asiadhibiwe, wala asipoteze malipo ya siku ile. Bila hilo, mengine yote ni maneno ya karatasi.

Tatu: garaji iwe na kebo za akiba za aina ya malori tuliyo nayo, na kila konteri iliyotengenezwa ipimwe kwa sekunde kabla ya lori kutoka.

Nne: madereva wapimwe masikio kila mwaka pamoja na macho, na wale waliotoka kwenye mashini za kelele wapimwe kabla ya kupewa lori.

Nanyi akina mama na vijana, msidhani hili ni jambo la garaji tu. Mume au baba anapopanda lori la kazi, au ninyi wenyewe mnapopanda kwenda kuwatembelea wazazi, tazameni mbele ya dereva. Kama sindano imelala na gari linatembea, semeni. Kusema si kumdharau dereva. Tunamwambia jirani, "Paa lako linavuja," naye hakasiriki. Mkiwa kumi mnaokataa kupanda, lori litaingia garajini siku ile ile. Mkinyamaza wote, litaendelea mpaka kwenye kona.

Haraka haraka haina baraka, tuliambiwa na wazee. Lakini ili mtu ajue kwamba ana haraka, lazima kwanza aone mbio zake. Kesho asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza kupanda, angalieni sindano.

Munganga msaidizi,
Dispanseri ya kampuni, Cimpunda